Kaa wako haruki vizuri: rekebisha kuruka kabla ya kuongeza steji

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Chumbageni, Tanga. Natengeneza kwa Godot (programu ya kuundia gemu) gemu ya mtindo wa zamani, ile ya kukimbia na kuruka kwenda upande mmoja. Kaa anatoka Raskazone hadi Mapango ya Amboni akiokota machungwa ya Muheza. Nina steji tatu tayari. Vijana wa banda la gemu kule Ngamiani wakiicheza wanasema kaa ni mzito, mara wanabonyeza haruki, na kuna ukuta mmoja ambao kwenye simu hii anaupanda, kwenye simu ile hafiki. Pengine anakwama katikati ya sakafu iliyo tambarare kabisa. Wengi wanaacha kabla ya steji ya pili. Niongeze steji au nibadilishe picha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze steji hata moja, na picha ziache kama zilivyo. Karibu yote uliyoyataja yanatoka kwenye kuruka. Hicho ndicho kitendo ambacho mchezaji atakirudia kuliko kingine chochote, na kila pengo na kila ukuta unaouchora unapimwa kwa hicho. Ukichora steji kumi halafu ukabadilisha kuruka, utazichora zote upya. Kwa hiyo fungua steji tupu, weka sakafu ndefu, ukuta wa vigae 4 (vile vipande vya mraba vinavyojenga steji) na mapengo machache, kisha mrekebishe kaa humo ndani mpaka vijana waanze kumrusharusha kwa raha tu, pasipo chungwa wala adui.

Tuanze na ule ukuta, maana ndio unaofundisha zaidi. Nachukulia vigae vyako ni vya pikseli 16 kwa 16, kama ilivyozoeleka kwenye gemu hizi. Usikisie uvutano kwa kujaribu namba ovyo. Chagua vitu viwili vinavyoonekana kwa macho: kaa apande juu kiasi gani, na atumie muda gani kufika kileleni. Tuseme pikseli 66, ili aupite ukuta wa vigae 4 ambao ni pikseli 64, na muda uwe sekunde 0.4. Uvutano ni urefu mara mbili, ugawe kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe: 132 gawa kwa 0.16, unapata 825. Kasi ya kuondokea ni urefu mara mbili gawa kwa muda: 132 gawa kwa 0.4, yaani pikseli 330 kwa sekunde.

Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, na bado kaa atagonga ukuta. Kompyuta haimpitishi kaa kwenye mstari laini. Inamsogeza kipande kwa kipande, fremu baada ya fremu, fremu ikiwa picha moja ya skrini. Ukipunguza kasi kwanza kisha ndipo umsogeze, kama wengi wetu tunavyoandika, kila fremu inamnyang'anya kidogo. Kwa fremu 60 kwa sekunde kaa anapanda kwa fremu 24, na kilele chake kinakuwa pikseli 63.25. Ukuta ni 64. Amekosa chini ya pikseli moja, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Mchezaji anachoona ni kaa kugonga ukuta ambao kwa macho yake alistahili kuupanda. Peleka msimbo huohuo kwenye simu yenye skrini ya fremu 90: kilele ni 64.17, anapanda. Kwenye simu iliyochoka inayoshuka hadi fremu 30, kilele ni 60.5. Simu zote mbili za banda ni nzima. Zinakata mruko uleule kwa vipande vya ukubwa tofauti.

Tiba yake ina sehemu mbili na zote zinahitajika. Kwanza, mwendo wote wa kaa utoke kwenye `_process`, sehemu ya msimbo inayoitwa kila simu inapochora fremu, uhamie `_physics_process`. Hiyo ya pili Godot huiita mara 60 kwa sekunde usipoibadilisha, hata simu ichore fremu ngapi. Simu ikizidiwa, injini, yaani Godot yenyewe, inapiga hatua mbili kwa picha moja na urefu wa kuruka unabaki vilevile. Pili, pandisha kasi ya kuondokea iwe 340, na kilele halisi kitakuwa pikseli 67.25, yaani nafasi ya pikseli 3 juu ya ukuta. Kwenye skrini za fremu 90 utaona kaa anatetemeka kidogo kwa sababu hatua 60 hazigawanyiki sawasawa humo. Kuanzia Godot 4.3 kuna ulainishaji wa mwendo baina ya hatua za fizikia kwa gemu bapa (2D), uwashe. Na ukiwa hapohapo, angalia usizidishe kasi kwa `delta`, yaani muda wa hatua moja, kabla ya kuita `move_and_slide`, amri inayomsogeza kaa, kwa kuwa yenyewe inaizidisha. Uvutano ndio unaouzidisha kwa `delta` unapouongeza kwenye kasi. Wanaochanganya haya mawili hupata kaa anayetambaa, kisha wanampandishia namba hadi maelfu.

Tatizo la kasi kufuata skrini ni la zamani. Gemu nyingi zilizoandikwa kwa televisheni za Japani na Marekani, za fremu 60, zilipopelekwa kwenye mashine za fremu 50 bila kurekebishwa zilikwenda taratibu kwa karibu moja ya sita, muziki nao ukivutika.

Sasa uzito. Mchezaji akisema mhusika ni mzito, mara nyingi halalamikii uvutano, analalamikia kuchelewa. Angalia michoro yako ya kuruka. Ikiwa kaa anakunja miguu kwa fremu nne au tano kabla ya kuondoka chini, zifute zote. Aondoke fremu ileile kitufe kinapobonyezwa, na kule kukunja na kubonyea ukuweke anapokuwa tayari hewani na anapotua. Uchangamfu utabaki na kuchelewa kutaisha. Halafu mbio: kasi ya juu ya pikseli 110 kwa sekunde aifikie ndani ya fremu 6, maana yake kasi iongezeke 1100 kwa sekunde, na akiachia kitufe asimame ndani ya fremu 5. Akigeuka nyuma mpe kuongeza kasi mara mbili ya kawaida. Hewani kuongeza kasi kupunguze kidogo tu, kubaki robo tatu, kwa sababu mchezaji anapenda kurekebisha anapotua.

Baada ya hapo shughulikia kushuka. Kupanda na kushuka kwa uvutano mmoja kunamfanya kaa aelee. Akishaanza kushuka, zidisha uvutano kwa 1.6, uwe 1320. Kuruka kamili kutachukua sekunde 0.72 hivi, 0.4 ya kupanda na iliyobaki ya kushuka. Weka kikomo cha kasi ya kushuka kuwa 420, yaani pikseli 7 kwa fremu. Kikomo hicho kina kazi mbili: mchezaji anaweza kumfuata kaa kwa macho anapoporomoka kutoka juu, na kaa hawezi kuruka kigae kizima cha pikseli 16 katikati ya fremu mbili akatokea chini ya sakafu.

Kitufe kiwe na urefu pia. Mchezaji akigusa kidogo, kaa adunde kidogo. Akishikilia, apande hadi juu. Njia safi ni hii: kitufe kikiachiwa kaa akiwa bado anapanda, na kasi yake ya kupanda ikiwa zaidi ya 120, ishushe iwe 120. Atapanda pikseli 8 nyingine hivi kisha ataanza kushuka. Wengine huikata kasi kwa nusu; inafanya kazi, ila matokeo yanategemea ameachia wakati gani na ni vigumu kuyazoea kwa kidole. Ukikata hadi namba moja isiyobadilika, mkono unajifunza upesi.

Kijana akisema "nimebonyeza haruki", mwamini. Karibu kila mara amebonyeza kweli, ila ni fremu mbili tatu baada ya kaa kuacha ukingo, au fremu mbili tatu kabla hajagusa chini. Msimbo wako unauliza swali moja, yuko chini au hayuko, na jibu linakuwa hayuko. Weka saa mbili ndogo. Ya kwanza iite huruma: kila fremu kaa akiwa chini inajazwa sekunde 0.1, akiwa hewani inapungua. Ya pili iite kumbukumbu: kitufe kikibonyezwa inajazwa sekunde 0.12, kisha inapungua. Kaa anaruka pale saa zote mbili zinapokuwa juu ya sifuri. Sekunde 0.1 ni fremu 6, na kwa kasi ya 110 ni pikseli 11 nje ya ukingo. Hakuna atakayegundua kwamba amesaidiwa. Atahisi tu kwamba gemu inamsikia.

Akiruka, zifute saa zote mbili palepale. Huruma isipofutwa, mwenye kidole chepesi ataruka mara ya pili angani. Na mpangilio ndani ya fremu una maana: kwanza jaza na punguza saa, ndipo uamue kuruka, mwisho uite `move_and_slide`. Ukiijaza huruma baada ya kuamua kuruka, umeifuta na kuijaza tena ndani ya fremu ileile, kwa sababu Godot bado inakumbuka kwamba kaa yuko chini mpaka `move_and_slide` iitwe. Hili ndilo kosa linalowapotezea watu siku nzima, kwa kuwa linajitokeza kwa baadhi ya wachezaji tu.

Kwenye simu kuna sababu ya tatu ya kitufe kutosikika: kitufe chenyewe. Picha ya kitufe ibaki ndogo, lakini eneo linalopokea kidole liwe nusu nzima ya kulia ya skrini. Kushoto, ruhusu dole gumba liteleze kutoka mshale mmoja kwenda mwingine bila kuinuliwa. Banda la Ngamiani mchana wa joto, vidole vina jasho na hakuna anayetazama kitufe kilipo.

Kukwama kwenye sakafu tambarare ni jambo jingine kabisa. Sakafu yako ni vigae vilivyopangwa, kila kimoja na umbo lake la kugonga. Uvutano unamsukuma kaa chini kidogo kila fremu. Kona ya mbele ya mstatili wake inakutana na ubavu wa kigae kinachofuata, na injini inadhani huo ni ukuta. Kasi inakuwa sifuri kwa fremu moja na mchezaji anahisi kama amejikwaa. Mahali sakafu ni ndefu, tumia umbo moja refu la kugonga badala ya ishirini mafupi. Kisha kona mbili za chini za mstatili wa kaa zikate mshazari kwa pikseli 1 au 2. Usimpe umbo la kidonge, ingawa wengi hulipendekeza, maana kaa atateleza akisimama ukingoni, na ukingoni ndipo watu wanaposimama kupima pengo.

Na juu pia. Kaa akipanda na kichwa chake kikagonga kona ya kigae kwa pikseli 4 au pungufu, usimsimamishe; msogeze pembeni pikseli hizo na umwache aendelee. Jaribu kwa `test_move`, amri ya kupima bila kumsogeza, kwanza kuona kama pembeni pako wazi.

Hapo inakuja kanuni ninayoishikilia katika gemu za furaha kama yako: pasipo uhakika, mpe mchezaji haki. Ikiwa picha ya kaa ina upana wa pikseli 24, mwili wake wa kugonga sakafu na kuta uwe 14 kwa 12, miguu na koleo vibaki nje. Eneo la kuumizwa liwe dogo zaidi ya hapo, lipungue pikseli 2 kila upande. Chungwa liwe kinyume: eneo lake lizidi picha kwa pikseli 3 au 4 pande zote. Popo akipita jirani na koleo bila kuumiza, mchezaji anajiona hodari. Popo akimuua kwa hewa tupu, anakulaumu wewe, na ana haki.

Sasa una vipimo vya kuchorea steji. Kwa kasi ya 110 na muda wa 0.72, kaa anasafiri karibu pikseli 79 hewani. Pengo linalovukika ni zaidi kidogo, kwa sababu anaondoka kisigino kikiwa ukingoni na kutua kwa pua: ongeza upana wa mwili, 14, unapata 93. Njia kuu weka mapengo ya vigae 3. Vigae 4 viwe mtihani. Vigae 5 viwe vya kupata machungwa ya ziada tu. Vigae 6, pikseli 96, vinapitika kwa atakayeitumia huruma yote hadi fremu ya mwisho, na yupo atakayefanya hivyo. Kwa hiyo mahali usipotaka pavukwe kabisa weka 7. Kuta za njia kuu ziwe vigae 3, na ule wa 4 uuache mahali ambapo mtu ameshazoea.

Kuhusu kuwafundisha bila maandishi, itazame steji ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros. ya 1985. Kuelekea mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati yake chini pameziba. Ukikosea unaanguka tu na kupanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi mbili nyingine za namna hiyohiyo, safari hii katikati ni shimo. Mchezaji ameshafanya zoezi kabla ya mtihani. Fanya hivyo Raskazone: pengo la kwanza chini yake pawe mchanga wa maji kupwa, akianguka atembee na kupanda, la pili, upana uleule, pawe na bahari. Mkonge nao utumie kwa akili. Mtoto wa Tanga anajua ncha ya jani la mkonge inachoma, huna haja ya kumwandikia onyo. Hivyo usichore mkonge popote kama pambo la mbele lisiloumiza, utakuwa umemdanganya. Ukitaka pambo, chora nazi.

Gemu hiyo ya 1985 ilijaa kwenye kaseti ya kilobaiti 40, na mashine yake ilikuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu kuu. Ndiyo maana mawingu na vichaka vyake ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Mbinu hiyo iige bila aibu: jabali la Amboni kwa rangi ya kijivu ndani ya pango, rangi ya kahawia nje. Usichopaswa kuiga ni kumetameta kwa wahusika. Kulitokea kwa sababu mashine ile ilichora vipande 8 tu vya picha kwenye mstari mmoja wa skrini, na waliokuwepo hawakukupenda.

Skrini iwe pikseli 320 kwa 180. Mara 4 inakuwa 1280 kwa 720, mara 6 inakuwa 1920 kwa 1080, namba kamili, pikseli hazivimbi ovyo. Simu za bei nafuu zenye 1600 kwa 720 zitaonyesha pikseli 400 kwa upana ukiruhusu picha ipanuke, kwa hiyo usifiche adui pikseli 330 kutoka ukingo wa kushoto wa skrini ukidhani haonekani. Chujio la picha liweke kwenye "Nearest", la sivyo kaa atakuwa na ukungu. Kamera isimfuate kaa juu na chini kila anaporuka. Ibadilishe kimo anapotua tu, au anapokaribia ukingo wa skrini. Kwa mbele imwonyeshe pikseli 32 zaidi upande anaoutazama, isogee taratibu, na mahali pake pa mwisho pakadiriwe hadi pikseli kamili.

Ndani ya Amboni, popo waende kwa mwendo unaotabirika, juu na chini kwa muda usiobadilika, wala wasianze kuruka kabla hawajaonekana kwenye skrini. Giza liwe la rangi tu, lisifiche sakafu. Nafasi ya siri chini ya maji mpe silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Asiumize mtu, awe zawadi kwa aliyechunguza.

Ukirudi Ngamiani na toleo jipya, usiwaelekeze wachezaji hata neno moja. Mwache kaa aache nukta ndogo kila fremu anaporuka, na kila anapokufa andika namba ya mahali alipofia kwenye faili. Vifo vikirundikana mahali pamoja, tazama nukta: zikionyesha watu wanaruka mapema, hawaoni kilicho mbele na tatizo ni kamera, zikionyesha wanafika ukingoni na kuteleza, punguza pengo kwa kigae kimoja.

Hukuuliza kuhusu laifu, yaani nafasi za kufa kabla ya kurudishwa mwanzo, lakini kama umeweka laifu tatu za kawaida, nadhani zina mchango kwa wanaoacha kabla ya steji ya pili. Kumrudisha mtu mwanzo ulikuwa utaratibu wa mashine zilizokula sarafu. Weka bendera kila baada ya sekunde 20 hadi 30 za mbio, na akifa arudi hapo ndani ya nusu sekunde, pasipo skrini ya kusubiri wala kuuliza kama anataka kuendelea. Machungwa aliyookota kabla ya bendera abaki nayo. Aliyookota baada yake yatolewe kwenye hesabu na yarudi mtini; ukiyarudisha mtini bila kuyatoa kwenye hesabu, atakaa palepale akifa na kuokota mpaka ajaze mia.